Mbaazi za Ijumaa za Mzee wa Stesheni

Nianze na mbaazi, maana nikianza na mbwa wengine wenu mtaondoka.

Huyu mzee ninayewahadithia tumepakana ukuta hapa Ngamiani tangu marehemu mume wangu yu hai. Kila Ijumaa asubuhi, birika langu likiwa bado jikoni, nasikia kifuniko cha sufuria upande wa pili, halafu sauti:

"Shemeji, mbaazi zimefika. Abiria wajitayarishe."

Basi nami napanda kwenye tofali langu, nanyoosha mikono juu ya ukuta wa uani, napokea bakuli la moto. Mbaazi za nazi, tui zito, pilipili moja nzima inaelea. Nikishamaliza naliosha bakuli, nalijaza mahamri, nalirudisha. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, na kilichomo hakisemwi vibaya. Hilo la pili mlishike vizuri, maana ndilo lililotaka kututia hasara.

Mtaa mzima unamwita Mzee wa Stesheni. Jina lake ninalo, lakini hata nikiwatajia halitawaongezea kitu. Ujana wake wote alikaa dirishani anakata tiketi za treni, na alipostaafu yeye akatoka, treni ikabaki kichwani mwake. Wali haupiki, wali "unaondoka". Nikimuuliza, shemeji, leo mnakula saa ngapi, atasema, "Wali umeondoka saa tano na dakika kumi, samaki yuko njiani, mkiona kimya mjue kuna hitilafu." Na hiyo saa anayoitazama mkononi imesimama siku nyingi. Hakubali kuitengeneza. Anasema ilisimama siku aliyofariki mkewe, iacheni ipumzike.

Mkewe alipofariki, watu hapa walikaa kungoja. Wengine walisema ataoa, wengine walisema atakufa na njaa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliingia jikoni na ile kofia yake ya kazi kichwani, akaunguza ugali wiki nzima, moshi wote unanijia mimi. Wiki ya pili akanibishia mlango.

"Shemeji, nazi inakunwa kabla ya kuvunjwa au baada?"

Nilicheka nikakaa chini. Nikamwambia, "Ninyi Wabondei kweli mlishuka pwani juzi."

Akanijibu, "Na ninyi Wadigo mlishuka zamani, mbona hamjafika popote?"

Ndio utani wetu huo, hatukasirikiani. Nikamfundisha nazi, nikamfundisha samaki wa kupaka, kisamvu, na bada, ule ugali wa muhogo, aliijua mwenyewe ya kwao Muheza. Miaka miwili haikwisha, mwanamume yule akawa anapika kunishinda mie niliyemfundisha. Sisemi kwa kumpamba. Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye hasifu kitu, alikula samaki wake akanyamaza. Kunyamaza kwa wifi yangu ni sifa kubwa.

Ila ana jambo moja, haonji. Kupika anapika, kuonja haonji. Nilimuuliza, mpishi gani wewe usiyeonja? Akasema, "Mimi nilikata tiketi miaka yote ile sipandi treni. Safari anaijua abiria." Na yeye ana presha, daktari alimkataza chumvi, chakula chake anapika baridi, bila chumvi kabisa. Chai yake kavu, sukari haigusi. Mbaazi hali kabisa, zinamjaza tumbo. Zile za Ijumaa anapika kwa ajili yangu tu, kwa kuwa siku moja nilimwambia mbaazi za mama yangu sijazipata tena. Kwa hiyo nyumbani mwake chumvi ni ya mbaazi zangu, na sukari ni ya wageni. Yeye mwenyewe hana haja na vyote viwili.

Sasa mbwa.

Mbwa anaitwa Jumatatu, maana alikuja Jumatatu. Alikuja mwenyewe, mguu umevimba, akalala mlangoni kwa mzee, na mzee akamfunga mguu kwa kitambaa cha jikoni. Mimi nilikuja juu. Nilimwambia, shemeji, mimi na wewe bakuli ndio mwisho, mbwa akilamba chombo mimi nitakiosha mara saba na udongo juu, nina nguvu hizo? Akanisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake nikamkuta amepiga magoti na kopo la chokaa, anachora mstari mweupe mlangoni pa jiko lake.

"Hapa," akasema, "ndipo jukwaa linapoishia."

Akamfundisha yule mbwa kutovuka mstari. Wallahi sijapata kumwona amevuka. Nyama ikianguka ndani ya mstari, Jumatatu analala chini, anaitazama, anaugua. Na mzee, ingawa ni Mkristo, kuku wake tangu siku hiyo anampeleka kuchinjwa na mwanangu, kusudi na mimi nile. Mtu kama huyo utamsusia bakuli?

Mbwa mwenyewe hana sura. Sikio moja limekatika, rangi kama gunia. Lakini ikawa kila mzee akitoka, Jumatatu yuko mbele na kamba shingoni, mzee nyuma ameshika kamba. Wanakwenda dukani hivyo, wanakwenda kanisani hivyo, mbwa anangoja nje. Watu wakacheka. Wakasema anajifanya mzungu wa majumba ya Raskazone. Wifi yangu akasema, "Tazameni, mbwa anamtembeza mzee." Tukacheka sote, na mimi nikiwemo.

Lililobaki ni kamera. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ameolewa Arusha. Kila akipiga simu ni ugomvi: Baba unakula? Baba unakula nini? Baba njoo ukae na sisi. Mzee hataki Arusha. Anasema kule baridi inaingia mpaka kwenye meno, na mkwe wake hataki mbwa. Basi binti akamletea kikamera kidogo, kile cha kioo nyuma, akamfundisha na namna ya kutuma, akamwambia, "Kila ukipika piga picha nione." Safari hiyo hiyo akamletea na makopo mawili meupe ya jikoni, mazuri, yamefanana kama mapacha, moja la chumvi, moja la sukari.

Kwanza mzee akapiga sufuria. Wali ukiondoka picha, ukifika picha. Mimi nikawa namtania, "Shemeji, huo wali una pasi ya kusafiria?" Akazoea, akapenda. Akapiga ndizi, akapiga miguu yake, akapiga sikio la Jumatatu. Halafu akaanza kupiga watu. Unamwambia shikamoo mzee, badala ya kukuitikia anainua kamera, kacha, anaileta mpaka kwenye pua, anavutavuta ile picha, ndipo anasema, "Aa, marahaba mwanangu, mama hajambo?"

Hilo wanawake halikuwapendeza. Wifi yangu ndiye aliyechemka zaidi, maana alipigwa picha na kanga moja, ndoo kichwani.

"Mzee mzima anatupiga mapicha," akasema. "Anayapeleka wapi? Leo nakwenda kwa mjumbe."

"Wifi, yule hana ubaya."

"Wewe huna macho. Mbaazi zimekuziba."

Mjumbe wa mtaa akaja, tukakaa barazani kwa mzee, mimi, wifi, na mjumbe. Mzee akafurahi kupata wageni. Akatutengenezea chai, na kwake mgeni hatii sukari mwenyewe, anatiliwa vijiko vitatu, ndiyo heshima. Mimi nilikuwa nimefunga sunna, sikunywa. Wifi alikataa kwa hasira. Mjumbe akapiga funda la kwanza, nikaona machozi yanamlengalenga. Nikadhani ameingiwa na huruma. Akaendelea, akainywa chai ile mpaka chini, akashukuru.

"Mzee," akasema, sauti imemkauka, "hawa wanalalamika picha."

Mzee akampa kamera. Mjumbe akatazama, akatazama, akampa wifi. Wifi akatazama. Humo ndani hamna mtu. Mna pua, mna nusu ya sikio, mna mabega hayana kichwa.

"Huyu nani?" mjumbe akauliza.

"Mwenyewe sijui," mzee akasema. "Nawapiga ili niwajue."

Tukacheka mpaka kesi ikafa. Wifi naye akacheka. Akasema mpigapicha huyu hana hatari, hajui kichwa kinakaa upande gani.

Mnaona sasa. Alitwambia kwa mdomo wake, tukacheka.

Na mimi nilikuwa na langu moyoni nimelinyamazia. Tangu binti alipokwenda zake, mbaazi zangu za Ijumaa zilibadilika. Zilikuja na sukari. Si sukari ya kuficha, ni sukari ya uji. Na pilipili ndani yake. Ijumaa ya kwanza nilikaa na kijiko mkononi, nikajiambia labda ndivyo wanavyopika kwao Muheza. Nikamaliza, nikarudisha bakuli na mahamri.

"Zimefikaje?" akauliza juu ya ukuta.

"Zimefika salama, shemeji. Mkono wako haujapotea."

Ningesema nini? Mtu hali mbaazi, anakupikia wewe tu, anakuchorea mstari wa chokaa, halafu umwambie chakula chako kibaya? Basi nikala. Ijumaa baada ya Ijumaa, mwezi baada ya mwezi, nakula mbaazi za sukari na nasema mkono haujapotea. Nilifika mahali nikitoka kusali namwomba Mungu amsahaulishe mbaazi.

Siku iliyonifungua macho nilikwenda kwake kuazima uteo. Mlango u wazi, Jumatatu amelala kwenye mstari wake. Nikamwona mzee amekaa kwenye mbuzi ya nazi, uteo wa mchele mapajani, hakunisikia. Akainua kamera juu ya mchele, kacha. Akakiweka kioo puani. Akavuta picha ikawa kubwa, akaisogeza taratibu kwa kidole, huku, huku. Akaweka kamera chini. Mkono ukaenda kwenye uteo unapapasa, unahesabu kutoka ukingoni, ukaokota kijiwe. Akapiga tena. Kacha.

Nilisimama pale mlangoni. Yale yote yakanijia kwa mkupuo: kamba ya mbwa, pua na masikio, mjumbe na machozi yake, mbaazi zangu. Mbwa alikuwa anamtembeza mzee kweli.

"Shemeji," nikasema. "Huoni."

Akashtuka, mchele ukamwagika. Jumatatu akainua kichwa, lakini hakuvuka mstari.

"Naona," akasema. "Nakuona wewe hapo. Umevaa nyekundu."

"Nimevaa kijani."

Akainama kuokota mchele. Kisha akasema taratibu, "Usimwambie binti. Akijua tu anakuja na gari. Nitakaa kwenye kochi la Arusha, na huyu atabaki hapa anangoja mlangoni."

Nikamwambia twende hospitali. Akakataa. Nikamwuliza kwa nini, na hapo ndipo alipotoa lililokuwa linamla. Baba yake macho yalikwenda hivyo hivyo, ukungu kwanza. Walipompeleka, daktari akasema ni presha ya macho, mmechelewa, hayarudi. Baba mtu akaketishwa kwenye mkeka barazani, akakaa hapo mpaka anafariki, analishwa, anaulizwa nani kapita.

"Nisipokwenda," akasema, "hakuna wa kuniambia hivyo."

"Na mimi nilikuwa na ukungu, wakasema mtoto wa jicho, wakanitoa."

"Wewe ni wewe. Mimi naona vya kunitosha. Napika, silishwi. Umekula mkono wangu mwaka mzima, kuna siku umeona kasoro?"

Hapo nikajiona mwizi. Maana mwaka mzima ndimi niliyemwambia hana kasoro. Yeye haonji, abiria ni mimi, na abiria alikuwa anadanganya.

"Shemeji," nikasema, "mbaazi zako zina sukari."

"Leo?"

"Tangu makopo yalipokuja."

Akanyoosha mkono akapapasa rafu, akashusha makopo yote mawili, akachovya kidole kwenye moja, akalamba. Akachovya kwenye la pili. Yule mzee hali chumvi, hali sukari, lakini siku ile alilamba vyote. Akaweka kofia yake vizuri.

"Na mjumbe?" akauliza.

"Alikunywa chumvi vijiko vitatu."

"Akamaliza?"

"Mpaka chini."

Mabega yakaanza kumtikisika. Mara nikaona anacheka, mara nikaona analia—sijui niseme nini, vyote vilikuwa humo. Akasema, "Mtaa huu una adabu, shemeji. Mtaniua kwa adabu."

Nikamwambia, "Mie adabu nimeacha leo. Kesho asubuhi tunaondoka saa moja kamili, ukichelewa nakuja na wifi."

Mzee alimwogopa wifi kweli. Saa moja kamili alikuwa nje na shati lililopigwa pasi.

Tulikaa kwenye benchi la hospitali, yeye katikati, mimi na wifi huku na huku kama amekamatwa. Wifi nilimweleza habari yote usiku. Asubuhi alikuja na chupa ya chai, akamtilia mwenyewe, akamwambia, "Kunywa, haina kitu." Basi ndiyo msamaha wake huo.

Walimtia dawa machoni, wakamwingiza kwenye chumba cha giza. Mimi nikavuta tasbihi. Kuna maneno mawili tu yangetoka mle ndani, moja la mkeka wa baba yake na moja la kisu cha daktari, na sijapata kuomba kisu maishani ila siku ile. Daktari ni binti mdogo, sawa na mjukuu wangu. Akatuita tuingie sote.

"Mzee, huu ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Ugonjwa umekomaa sana, na wewe umechelewa kuja, lakini tunautoa."

"Si presha ya macho?" mzee akauliza.

"Presha ya macho nimepima, huna."

"Rudia."

"Huna, mzee."

"Mwambie na huyu," akamwonyesha wifi, akidhani ni mimi.

Wifi akasema, "Nimesikia, na mimi si huyo unayemfikiri." Tukacheka mle mle chumba cha giza, daktari naye. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikapumua. Nilikuwa kama mtu aliyetua kuni.

Binti tulimwambia. Alikuja, akalia, akatugombeza sote mmoja mmoja, na alikuwa na haki. Siku mbaya zikabaki za kwangu mimi peke yangu, maana mzee alipolazwa, Jumatatu alibaki mikononi mwangu. Nilimlisha kwa upawa niliofunga kwenye fimbo ndefu ya kuangulia maembe, namsogezea chakula nikiwa mbali, namwambia kula bwana, mwenyewe anakuja. Alikula kidogo, akarudi kulala mlangoni mwa jiko. Nyumba tupu, hakuna wa kumwona, na mstari hakuuvuka.

Mzee alirudi na jicho la kwanza limepasuliwa, mwezi uliofuata likafuata la pili. Siku walipombandua bendeji alisimama barazani, akanitazama muda mrefu.

"Shemeji, umezeeka hivi tangu lini?"

"Tangu nile sukari yako."

Akakaa siku nzima anatazama picha zake. Pua zile na masikio yale. Anazijua sasa moja moja, huyu muuza maji, huyu mwanao, hii ndoo ya wifi yako. Binti akataka tena kumpeleka Arusha, baba mtu akamwandalia wali, samaki, na mchicha, akamchambulia mchele mbele yake bila kamera. Binti alikula, akaondoka peke yake. Lile kopo la chumvi nimelifunga uzi mwekundu. Macho yapo, lakini mimi sibahatishi.

Juzi Ijumaa mbaazi zilifika, zina chumvi yake, tui lake, kama za mama yangu. Nikapanda kwenye tofali nikamwambia ukweli, maana siku hizi namwambia ukweli: chumvi imepungua kidogo. Akasema malalamiko yamepokelewa. Halafu akaniambia anakwenda sokoni kutafuta nazi, nikamwambia ngoja, tufuatane.

Tukatoka. Jumatatu mbele na kamba yake, mzee nyuma, mimi kando, mbali kidogo na yule mbwa. Tukafika kwenye mtaro pale kona. Jumatatu akasimama, akageuza kichwa, akangoja, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Mtaro mwenyewe hata mimi nauona, na mzee siku hizi anaona mpaka bei ya nyanya kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini akasimama. Akatoa mguu taratibu, akapapasa hewani kidogo kwa unyayo, akavuka. Jumatatu akatikisa mkia, akaendelea mbele.

"Shemeji," nikamwambia, "mtaro huuoni?"

"Naona mpaka kokwa la embe lililomo."

"Basi mbona unapapasa?"

Akamtazama yule mbwa mwenye sikio moja, anavyokwenda kifua mbele.

"Nani atamwambia kwamba kazi imekwisha?" akasema. "Wewe?"

Nikamtazama na mimi. Tulipofika kwenye mtaro wa pili, Jumatatu akasimama, mzee akasimama, na mimi nikasimama, nikatoa mguu, nikapapasa.